Jinsi ya kuanzisha kikundi cha kukwea miamba Dar, mji ambao hauna mwamba

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "sasa nyie mnakwea wapi hapa Dar?" na simlaumu mtu anayeuliza, maana simama pale Ubungo ugeuke pande zote nne utaona maghorofa, minara ya simu na foleni. Mji umekalia mchanga na matumbawe ya zamani, na vilima vya Pugu ambavyo watu wanavitaja taja ni udongo tu, kule ndo kuna kaolini, ukijining'iniza unabaki na bonge mkononi. Sisi tulianza watu wanne na magodoro mawili uani kwa mtu Tabata, saivi siku ikiwa nzuri tunafika ishirini na kitu, na nimechoka kueleza kwa simu kwahiyo naandika mara moja, anayetaka kuanzisha kwake Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto achukue.

Cha kwanza ni siku. Vifaa baadae. Sisi tulichagua Jumamosi na lilikua kosa kubwa, Jumamosi ya Dar ina wenyewe, kuna harusi, kikao cha harusi, sendofu, msiba, mtoto wa shangazi anabatizwa, wiki ya tatu nikajikuta niko peke yangu na godoro. Tukahamia Jumanne na Alhamisi saa 12 jioni, muda ambao kila mtu anatafuta sababu ya kuikwepa foleni, na ikashika mpaka leo. Weka sheria kwamba hata wakija wawili mnakwea, hakuna kuahirisha, maana mtu mgeni akija Alhamisi akakuta geti limefungwa huyo harudi tena, na mimi nimewapoteza watu kama sita kwa staili hiyo hiyo.

Watu wa kuanza nao usiwatafute jimu za kunyanyua vyuma. Samahani kwa wenye vifua vyao lakini wale wanavuta kwa mikono tu, dakika kumi wameishiwa alafu wanaanza kutukana ukuta. Nenda kwenye jogging za mtaani, wale wa Temeke na Mbagala wanaokimbia na tisheti zao za kikundi, tayari wana nidhamu ya kuamka na kuchangishana. Nenda kwa vijana wa sarakasi. Tafuta mafundi wanaopanda minara ya simu, hao wamezoea kuvaa mkanda na kujifunga, utawahitaji sana mbele ya safari.

Na tafuta mkwezi. Nasema mkwezi mkwezi, wa minazi. Sisi tulimpata mzee mmoja wa Kigamboni, tukampa shikamoo zake, akavua kandambili, akausogelea ukuta akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, akauliza "sasa nazi ziko wapi?" Tukacheka. Alafu akapanda njia ambayo mimi nilikua naianguka wiki mbili nzima. Wala hakukimbilia mikono, kiuno kilikua kimegusa ubao, magoti yamefunguka nje, uzito wote ameuweka kwenye kidole gumba cha mguu, mikono inashikilia tu asirudi nyuma. Nimesoma maelezo mengi kuhusu namna ya kuweka mwili ukutani lakini niliyemwelewa ni yule mzee, na kila mgeni anayekuja namwambia hivyo hivyo, sukuma na miguu, mikono ni ya kukuzuia usidondoke.

Kama unaona aibu kwamba mnakwea ubao wakati wenzenu wana milima, wazoee tu. Paris nayo haina mlima, wakweaji wake mwanzoni mwa karne iliyopita walikua wanaenda msitu wa Fontainebleau, kama kilomita 60 kutoka mjini, wanakwea mawe ya mchanga mafupi mafupi kujiandaa na safari za Alpi. Mawe tu ya kuruka na kurudi chini. Lakini humo ndo mmoja wao, Pierre Allain, akatengeneza kiatu laini chenye soli ya mpira miaka ya 1930, na viatu vya kukwelea vya leo vimetokea huko. Na Uingereza, mchezo ambao ulikua umetawaliwa na wenye nafasi zao ulikuja kubadilishwa na vijana wa kazi za mikono, klabu ya Rock and Ice ilianzishwa Manchester 1951, na majina yake makubwa mawili, Joe Brown na Don Whillans, wote walikua mafundi bomba. Mafundi bomba, sikia. Kwahiyo fundi wa Gerezani asikwambie huu mchezo ni wa wazungu wenye hela.

Haya, ukuta. Hapa ntakaa kidogo maana ndo pesa inapopotelea. Chukua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene mm 18, usikubali ya mm 12 hata fundi aape, inacheza na nati zinang'oka. Fremu ni mbao 2 kwa 6, na mnafunga kwa bolti, misumari inalegea kidogo kidogo mpaka siku inakuacha. Ukuta uliosimama wima unachosha haraka kwahiyo uinamishe uje mbele kama nyuzi 30, hapo ubao wa mita 2.44 kimo chake kinabaki mita 2.1 na kichwa chake kinatoka nje mita 1.2, maana ake hata banda la dari fupi linakutosha, na ukianguka haupo juu sana. Toboa matundu kila baada ya sentimita 20, ubao mmoja unapata 72. Nyuma ya kila tundu unapigilia zile nati zenye meno ambazo mafundi makochi wanaweka kwenye miguu ya sofa, Keko nzima wanazijua, ila wao wanatumia ndogo, wewe omba za mm 10. Alafu pigilia nati zote kabla hujapandisha ubao kwenye fremu, na pima kwanza mbao za fremu zitakaa wapi, sisi hatukupima, matundu tisa yakaangukia juu ya mbao na mpaka leo yapo tu yanatuangalia.

Vishikio ndo vinafungwa kwa bolti kwenye hizo nati, ila vya plastiki vya kununua nje ni ghali na usafiri wake ni kilio kingine. Tumia mbao. Vipande vya mninga vinavyobaki kwenye karakana wanakuuzia kwa bei ya kutupa, mpingo uache, mzito, unateleza, na ni dhambi kuutoboa. Wachongaji wa Mwenge wana mkono mzuri kuliko fundi fanicha kwa kazi hii maana wao wamezoea umbo lisilo na kona, unamwambia tu nataka kitu kama nusu ya embe, kingine kama ukingo wa sahani, anakuelewa. Ila mwambie mapema na mrudie mara tatu: ASIPIGE VANISHI. Mimi sikusema. Jamaa kwa upendo kabisa akavipiga msasa laini na vanishi mara mbili, vikarudi vinang'aa kama seti ya kabati la bibi harusi, nikafunga vyote usiku ule ule kwa mbwembwe, mtu wa kwanza kuruka kushika alitua na mgongo kabla sijamaliza kusema karibu. Tulikaa siku mbili tunakwangua na msasa namba 80. Kingo ziviringe, zisiwe kali, kwa sababu mbao haili ngozi lakini kona yake inakata kano.

Jasho ndo adui wa Dar. Unyevu wetu wa pwani, kaskazi inapovuma Januari, mkono unakua kama umetoka kuosha vyombo. Poda nyeupe wanayotumia wakweaji ni magnesia kaboneti, ile ile ya wana jimnastiki, na aliyeileta kwenye miamba miaka ya 1950 ni Mmarekani John Gill ambaye mwenyewe alikua mtu wa jimnastiki. Usitumie poda ya watoto! Ile inateleza, ndo kazi yake. Ukikosa kabisa weka ndoo ya maji, taulo na feni kubwa inayopuliza ukutani, feni inasaidia kuliko poda, nimepima na mikono yangu. Miezi ya Juni mpaka Agosti kusi ikiwa inavuma na joto limeshuka ndo mtajiona mmekua hodari ghafla, msidanganyike, ni hewa.

Viatu kwa miezi mitatu ya kwanza sahau. Raba yoyote ya soli nyembamba inayobana, au peku.

Godoro nalo lina akili yake. Watu wanaweka sponji laini moja nene wanaona wamemaliza, unaanguka linabonyea unagonga sakafu. Linatakiwa la juu liwe gumu ili lisambaze uzito, la chini laini lile lipokee, alafu mnavisha turubai vyote pamoja pasiwe na ufa katikati maana kifundo cha mguu kinatafuta ufa huo huo. Litoke nje ya ukingo wa ukuta mita moja na nusu na zaidi. Na somo la kwanza la mgeni yeyote kwetu ni kuanguka, anapanda vishikio viwili anaachia, anatua miguu yote, anakunja magoti, anajiviringisha mgongoni, mikono kifuani asijiwekee mkono nyuma. Mara kumi. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, sisi tunaanza na kushuka.

Ugumu wa njia kuna vipimo vya dunia, kile cha V alikianzisha John Sherman kwenye mawe ya Hueco Tanks kule Texas, kinaanzia V0 kwenda juu. Ukianza nacho watu wanaanza kushindana namba na kugombana. Sisi kwetu kuna chapati, muhogo na mfupa. Basi. Kila mtu anaelewa mfupa ni nini.

Sasa kamba, na hapa naomba utani uishe kidogo. Mtu akishazoea ubao ataanza kukwambia twende tukakwee kitu kirefu, na safari ya Kariakoo itafuata, na dukani utaoneshwa kamba nene ya manila muuzaji anaapa inavuta lori. Mimi niliapiwa hivo na nikakaribia kulipa, jamaa alisema tani mbili huku anaipiga piga na kiganja. Inawezekana inavuta kweli. Shida sio kuvuta, shida ni kudaka mtu anayeanguka. Kamba ya kukwelea ni ya naironi iliyosukwa iweze kunyooka, kiwango chake kinaitwa EN 892, inaruhusiwa kunyooka mpaka asilimia 40 kwenye anguko la kwanza la kipimo na nguvu inayokufikia isizidi kN 12, sawa na kama kilo 1,200 za mvuto. Kamba isiyonyooka inakudaka kama ukuta, kitakachovunjika ni wewe au nanga, yaani pale kamba ilipofungiwa. Kabla ya naironi kuja miaka ya 1940 wakweaji walikua wanatumia hizo hizo za nyuzi za mimea, manila na katani za kwao, na sheria ilikua moja tu, anayetangulia asianguke. Hatujarudi huko.

Kwahiyo kamba, mikanda, karabina za kufunga (zile pete za chuma zenye kilango) na kifaa cha kushikia kamba mnaagiza vipya, vyenye alama ya kiwango, hata mkichukua mwaka. Sisi tulicheza upatu, watu kumi kila mwezi, ila mzunguko mmoja kati ya kumi unaingia kibubu cha kamba badala ya mfuko wa mtu. Kamba ya mtumba usinunue hata iwe nzuri vipi, huijui ilikolala. Ikae mbali na jua na mbali kabisa na betri ya gari, asidi ya betri inaila naironi bila kuonesha nje, na hakuna kuibeba kwenye buti lenye mafuta na jeki. Iwe na daftari lake, imetumika lini, nani kaanguka, nani kaikagua.

Na ufundi wa kamba hausomwi kwenye maandishi kama haya. Mtafute mtu aliyefundishwa, mkae naye chini. Wenzetu Nairobi wana Mountain Club of Kenya, wamekwea Lukenya na Hell's Gate miaka na miaka, sisi tulituma wawili wakajifunze huko wakarudi kutufundisha, na basi la usiku na chapati zote bado ilikua rahisi kuliko jeneza. Sheria zetu za kamba ni chache: fundo lenye umbo la namba nane linakaguliwa na mtu mwingine kwa mkono sio kwa macho, anayeshika kamba haachii mkono wa breki, ule unaozuia kamba isikimbie, hata apigiwe simu na mama yake, nanga ni mbili zinazojitegemea siku zote, helmeti kwa wote hadi aliyekaa chini anakula muhogo. Dada mmoja wa kikundi ni nesi, yeye ndo anabeba boksi la huduma ya kwanza, na kila mtu ana 114 ya Zimamoto kwenye simu.

Mwamba wenyewe sasa. Umejibiwa na treni. SGR ilipoanza kubeba abiria 2024, Morogoro ikawa chini ya saa mbili na Dodoma saa tatu na kitu, yaani unatoka Dar alfajiri unakwea unarudi kulala kwako. Moro una miteremko ya Uluguru lakini miamba mingi ina ukungu na majani, inateleza, na sehemu kubwa ya juu ni hifadhi ya msitu, hapo ni TFS, wakala wa misitu, na vibali vyao. Dodoma ndo mpango, mawe ya graniti yamemwagika kila upande wa mji, makavu, yanakwaruza, siku ya kwanza mtabaki bila ngozi za vidole kwahiyo bebeni plasta ya kutosha. Nendeni kiangazi, na mkilala huko huko saa moja asubuhi mko kwenye jiwe, saa tano jua likipanda mnakaa kivulini na kulalamika.

Tazameni kabla ya kugusa. Michirizi myeupe na ya njano ukutani ni mkojo wa pimbi, inateleza na inanuka, ila pimbi mwenyewe hana shida. Nyuki wana shida. Ukiona ufa una nta nyeusi mdomoni au nyuki wanaingia na kutoka, njia hiyo imekufa, hamieni jiwe lingine, nyuki wa huku hawana utani na mtu aliyefungwa kamba hawezi kukimbia. Mashimo usitie mkono bila kuchungulia, kifutu naye anapenda kivuli. Na mawe yenye michoro hayakwewi, mtu yeyote asikushawishi, michoro ya Kondoa iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006 na kuna mapango huko wenyeji bado wanafanyia matambiko.

Kuna mjuaji atatokea aseme kwa nini msitoboe matumbawe ya pwani hapa hapa mkapiga bolti za kushikia kamba mpunguze nauli. Matumbawe yanakata kama kioo na yanamomonyoka, hilo moja. La pili ni chumvi. Thailand walipiga bolti za stenlesi kwenye miamba ya chokaa ya baharini, zikawa zinakatika ndani ya miaka michache huku kwa nje zinaonekana nzima, wakalazimika kuhamia titaniamu. Titaniamu kwa kibubu chetu cha upatu? Hapana. Kweeni bila bolti, mnazungusha kamba ya nanga kwenye mawe makubwa na miti juu mnateremsha kamba, inatosha miaka ya mwanzo yote. Waingereza miaka ya 1950 walikua wanaokota nati za reli njiani kwenda kwenye mwamba, wanaziingiza uzi na kuzibana kwenye nyufa ziwe nanga, vifaa vya kisasa vya kubana kwenye ufa vimezaliwa na nati hizo. Nimelisema hilo mbele ya fundi wetu wa Gerezani, macho yakamtoka, nikamwambia kaka hapana, nunua zilizopimwa.

Mkishakua wengi andikeni katiba mkajisajili kupitia BMT, Baraza la Michezo la Taifa, itawasaidia mkienda kuomba vibali, lakini kibali kinachotangulia vyote ni cha mtaa. Msivamie jiwe la watu. Sisi mara ya kwanza Dodoma tulishuka na mabegi na kamba tukaanza tu kufunga mikanda, dakika ishirini mwenyekiti wa kijiji akafika na wazee watatu na vijana wenye fimbo. Shikamooni wazee. Marahaba. Kimya. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Wanangu, ramani mmeitoa wapi?" Sikuelewa. Ramani ipi mzee? Akanyoosha fimbo kwenye mfuko wa poda, akanyoosha kwenye kamba, akasema wamekuja wengi hapa na vifaa kutafuta mali aliyoficha Mjerumani, wamechimba chini ya jiwe mpaka limeanza kuegemea upande, na hakuna aliyewahi kuaga. Ilibidi nimfunge mkanda kijana mmoja wa pale pale, akakwea mita sita, akakaa juu, akapiga kelele kwamba huku juu hakuna kitu jamani ni mavi ya pimbi tu. Wakacheka, tukapewa sehemu ya kukaa, na tangu hapo tunapiga simu kwa mwenyekiti siku mbili kabla, tunanunua chakula pale pale kijijini, na yule kijana ndo anayetutunzia magodoro.

Njia ya kwanza aliyeipanda ndo anaipa jina, kwahiyo ile aliyoikwea siku hiyo tumeiandika kwenye daftari Mali ya Mjerumani. Muhogo, unaelekea mfupa pale mwishoni.